Kamongo Aliyekufa Maji

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Alfajiri, sato waliokaribia kuvuliwa kwenye vizimba vya Bosi kule Luchelele walikutwa wakielea matumbo juu. Kabla jua halijachomoza vizuri, vijana wenye marungu walikuwa wamefika Mkolani na kuizingira nyumba ya babu, mvuvi wa kamongo, mtu wa mwisho kuonekana na mtumbwi karibu na vizimba usiku ule. Mwenyekiti wa mtaa aliwazuia kwa sharti moja: ushahidi uletwe hadharani. Hapo ndipo mjukuu wa babu, binti apasuaye samaki sokoni ambaye kila mtu humwita Kisu, alipopenya katikati ya marungu na kusema: "Nipeni samaki. Nitawaonyesha kilichowaua."

SASA ENDELEA...

Mwenyekiti hakujibu upesi. Alimtazama Afande, askari aliyekuwa pale, Afande akautazama umati, kisha wote wawili wakamgeukia Bosi, mwenye mali iliyokufa.

"Mwacheni apasue," Bosi akasema. "Hasara nimeshaipata. Ila akimaliza, mzee tunaondoka naye."

Mama ntilie wa jirani akatoa meza yake. Ikawekwa chini ya mwamba unaoinamia uwanja, mmoja wa ile miamba ya Mkolani ambayo pimbi hupanda asubuhi kuota jua kabla ya kwenda kutafuta malisho. Babu aliketishwa kwenye kigoda, koti lake zito limefungwa hadi shingoni, mkono wa kulia mfukoni.

"Mwangaluka," aliwasalimia wazee wenzake. Walioitikia walikuwa wachache.

Mama ntilie akamletea chai. Babu akaipokea kwa mkono wa kushoto, na bibi mmoja akaguna waziwazi. Nusu ya watoto wa mtaa ule walifunzwa adabu na mzee huyu, leo anapokea kikombe kwa kushoto! Watu wakasema ni hofu, ikaishia hapo.

Msomaji wangu, usiwashangae vijana wale kwa marungu yao. Kwenye mialo ya Mwanza, sumu si neno la kuropokwa. Wanaoukumbuka mwaka 1999 wanajua: Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, viwanda vya minofu vikakosa pa kuuza, na shida ikaingia hata kwenye nyumba ambazo hazijawahi kushika chupa ya dawa. Mtu akitajwa kwa sumu hapa, kesi yake huanza kusikilizwa na marungu.

Kisu alifunga khanga kiunoni, akavuta sato mkubwa kuliko wote. Wote walitegemea atapasua tumbo. Hakupasua.

"Tazameni mdomo kwanza," alisema. "Uko wazi. Na hivi vifuniko vya mashavu vimetanuka, vimekakamaa vikiwa hivyohivyo. Huyu amekufa akitafuta pumzi."

Akapitisha ncha ya kisu chini ya kifuniko, akakikata na kukiweka pembeni. Ndani kulikuwa na matao manne ya mfupa mwembamba, na kila tao limebeba nyuzi nyingi za nyama laini zilizopangana kama meno ya kitana. Zilipaswa kuwa nyekundu ya kung'aa. Zilikuwa na rangi ya ini lililolala.

"Haya ndiyo matamvua. Maji yanaingia mdomoni, yanapita katikati ya nyuzi hizi, yanatokea nyuma. Damu iliyomo ndani ya nyuzi inakwenda upande wa pili, inapishana na maji. Kwa hiyo kila hatua damu inakutana na maji yenye oksijeni kuizidi, inaendelea kuchota mpaka mwisho. Zingekwenda pamoja upande mmoja, zingelingana njiani, na oksijeni iliyobaki ingetoka na maji bure."

"Kama kaumbwa vizuri hivyo, mbona kafa?" aliuliza yule bibi aliyeguna.

"Kwa sababu maji yenyewe ni maskini, bibi. Lita moja ya maji ya ziwa, hata yakiwa mazuri, haina hata sehemu moja kati ya ishirini ya oksijeni iliyomo kwenye lita moja ya hewa tunayovuta hapa uwanjani. Ndiyo maana kaumbiwa mashavu haya. Ile kidogo iliyopo ikipungua, samaki anapanua mdomo na hapati kitu."

Kijana mmoja mwenye rungu akapaza sauti kutoka nyuma. "Hata sumu inamkaba samaki! Unatuzuga, dada!"

Kisu hakukasirika. Alikuwa amelingoja swali hilo. "Mdogo wangu, lete ndoo."

Mdogo wake, mvulana wa kidato cha tatu ambaye wote humwita Dogo, alikuwa amesimama ukutani, mkono mmoja ndani ya jaketi. Akainyanyua ndoo kwa mkono uliobaki, ikayumba, maji yakamwagikia viatu vya Mwenyekiti.

"Tumia mikono yote wewe!" Kisu akamkemea. Dogo akaitua ndoo mezani bila neno, akarudi alikokuwa.

"Afande, haya maji aliyachota nani?"

"Mimi mwenyewe. Kwenye vizimba, saa kumi na mbili asubuhi, Bosi akiwepo."

"Sogeeni muone."

Waliosogea waliona uduvi wakirukaruka ndani ya ndoo, wadogo, mwili wao unapitisha mwanga hadi utumbo unaonekana ukiwa mstari mweusi. Waliona pia wadudu wa maji wakizunguka juujuu. Wote hai.

"Sumu ya kuvulia ni dawa ya wadudu," Kisu alisema. "Inapiga mishipa ya fahamu, na inaanza na wadogo. Uduvi na wadudu ndio wangekufa wa kwanza, kabla ya sato wa kilo. Hapa wadogo wazima, wakubwa wamekufa. Bosi, samahani, kile kizimba cha vifaranga kikoje?"

Bosi alisita. "Wapo. Wengi wamebaki."

"Mwili mkubwa unadai oksijeni nyingi. Maji yakikosa hewa, wakubwa ndio wanaotangulia."

Umati ulianza kunong'ona kwa namna nyingine. Marungu mawili matatu yalishuka.

Kisu akageukia sangara aliyeokotwa ufukweni asubuhi ile, nje ya vizimba, mzito kiasi kwamba walimbeba watu wawili. Safari hii alipasua tumbo, kuanzia nyuma kwenda mbele, akasukuma maini na utumbo pembeni kwa mgongo wa kisu. Chini ya uti wa mgongo kulilala bondo, jeupe, nono, limejaa. Wachuuzi waliokuwepo walishindwa kujizuia, wakalisogelea. Kwenye sangara, bondo ndilo wanaloliangalia kwanza, maana mabondo yakikaushwa husafiri hadi Hong Kong na China, na kilo moja huuzwa kwa bei ambayo minofu haijawahi kuiota.

"Hili nyie mnalijua kwa bei," Kisu alisema. "Sangara analijua kwa kazi. Limefungwa pande zote, halina mrija wa kwenda mdomoni. Gesi yake inatoka kwenye damu na kurudi kwenye damu, polepole, ili asizame wala asielee pasipo kutaka. Ndiyo maana akivutwa haraka kutoka kilindini gesi inatanuka, bondo linasukuma tumbo hadi linatokea mdomoni. Mmeliona hilo mara nyingi. Basi huyu amekufa akiwa na gesi tele mwilini, na haikumwokoa, kwa sababu hicho ni chombo cha kuelea. Pumzi yake yote inategemea mashavu."

Akawakumbusha Uganda. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wakubwa walikufa na kutupwa ufukweni kwa wingi, watu wakapiga kelele za sumu, na serikali ya kule ikaeleza kuwa chanzo ni maji kukosa oksijeni baada ya dhoruba kulivuruga ziwa. Sangara hawezi kabisa kuvumilia maji mazito yasiyo na hewa.

"Hapa upepo wa kusini umevuma siku ngapi?"

"Siku mbili," akajibu mzee mmoja wa mwalo. "Umekoma jana usiku."

"Maji ya chini hukaa muda mrefu bila kuguswa na hewa. Mabaki yanaozea hukohuko na kumaliza oksijeni. Upepo ukilisukuma ziwa, ya chini yanapanda. Sangara wa nje wengine wamekimbia. Sato wa kizimba atakimbilia wapi?"

Halafu akainama chini ya meza, akatoa bua la jani la gugu maji, akalikata pale lilipovimba na kulionyesha huku na huku. Vyumba vidogo vya hewa vilijaa ndani, kimoja juu ya kingine. Gugu hili lilianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwili wake ndio siri ya ushindi wake: linaelea kwa hewa yake lenyewe, linatandaza majani, mwanga hauifikii mimea ya chini inayotengeneza oksijeni mchana. Usiku kila kilicho hai majini kinavuta, hakuna kinachotengeneza. Saa mbaya kuliko zote ni karibu na alfajiri. Na vizimba vya Bosi vilikuwa vimezungukwa na gugu pande tatu.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo Kisu hakulisema, kwa kuwa linanigusa mimi mwenyewe ninayewasimulia. Ziwa hili limekuwa likikosa pumzi kwa miaka mingi, na viumbe wake wamejaribu kulifuata. Watafiti waliowafuatilia furu wa Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walikuta aina mojawapo, katika muda usiofika miaka 30, imekuwa na matamvua makubwa kuliko ya mababu zake waliohifadhiwa kwenye chupa za makumbusho. Furu wengine wengi hawakuwahi. Walipotea baada ya sangara kuongezeka miaka ya 1980. Kiumbe kidogo cha hapa kwetu kimelazimika kubadili mashavu ili kiishi nasi. Sioni kwa nini jambo hilo lisiwe linafundishwa katika kila shule iliyo kando ya ziwa hili.

Tuendelee.

Mwenyekiti alisimama, akakohoa. "Ndugu zangu, nadhani tumesikia. Mzee wetu..."

Hakumaliza. Bodaboda ilipanda kwa kasi kutoka barabara kuu, ikafunga breki katikati ya uwanja. Dereva, mmoja wa vijana wa Bosi, akashuka na kiroba kinachovuja maji, akakimwaga juu ya meza.

Kilichotoka kilikuwa kamongo. Mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, mwili wa mkunga, mapezi membamba mithili ya nyuzi. Amekufa. Hana jeraha linaloonekana.

"Tumemkuta kwenye gugu, hatua kumi kutoka vizimba," dereva alisema.

Bosi alimtazama yule samaki kwa muda, na ilionekana wazi kwamba mtu huyu, pamoja na fedha zake, alilijua ziwa. Akamgeukia Kisu taratibu.

"Binti, wewe ni msomi. Kamongo anapumua kwa nini?"

Kisu alijua anapopelekwa. "Kwa mapafu."

"Mashavu je?"

"Anayo, madogo. Akishakua hayamtoshi. Lazima apande juu avute hewa."

"Na kiangazi, tope likikauka?"

"Anajichimbia, anajifunika kwa utando wa ute wake mwenyewe, anakaa miezi."

"Sawasawa." Bosi akaugeukia umati. "Mmemsikia kwa mdomo wake. Maji yakikosa oksijeni, huyu anapanda, anavuta hewa kama mimi na nyie, anaondoka zake. Hawezi kufa kwa hayo maelezo yake ya upepo na gugu. Basi aseme kafa kwa nini, kama si sumu!"

Uwanja ukalipuka. Marungu yaliyokuwa yameshuka yakapanda yote. Afande akasogea karibu na kigoda cha babu, mkono kwenye mkanda. Babu hakutikisika, wala mkono wake haukutoka mfukoni.

Kisu aliweka kiganja juu ya kamongo aliyekufa. Hakusema kitu. Aliyemsogelea angeona midomo yake ikitembea, akijihesabia viungo kimoja baada ya kingine, kama alivyozoea darasani kwenye mchepuo wa CBG. Moyo. Ini. Utumbo. Mapafu.

"Mapafu," akasema kwa sauti. "Afande, kwenye pipa la babu kuna kamongo hai. Naomba aletwe."

Aliletwa akijinyonganyonga. Kisu alimpiga pigo moja kichwani, akampasua papo hapo, kisha akampasua na yule aliyekufa, akawalaza sambamba. Mapafu ya kamongo ni mifuko miwili mirefu inayoanzia kooni na kulala kando ya uti wa mgongo karibu urefu wote wa tumbo. Ya yule wa pipani yalikuwa ya waridi, yamejaa, ukiyabonyeza yanarudi. Ya yule wa kwenye kiroba yalikuwa yamenywea, mekundu ya kiza.

"Mama, naomba beseni la maji."

Mama ntilie akalisukuma mbele. Kisu akakata kipande cha pafu la kamongo wa pipani, akakitia majini. Kikaelea, kikazunguka, kikatulia juu. Akakata kipande cha pili kutoka kwa yule wa kiroba, cha ukubwa uleule, akakiachia.

Kikazama hadi chini ya beseni.

"Hakuna hewa ndani yake hata kidogo," Kisu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Angekufa kwa sumu, uduvi wangekufa kabla yake. Na angekuwa huru angepanda juu akavuta. Huyu hakupanda, kwa sababu kuna kitu kilimzuia chini mpaka hewa ya mapafuni ikaisha. Amekufa maji."

Kicheko kikazuka pembeni, kikakatika kilipoona hakuna wa kukiunga mkono. Kisu alikuwa anamgeuza kamongo, anamfuta ute nyuma ya kichwa kwa pindo la khanga. Pale kwenye ngozi, mistari myembamba ilikatizana na kufanya macho madogo madogo.

Mzee wa mwalo alikuwa wa kwanza kutambua. "Wavu," akasema. "Tena timba."

Timba! Nyuzi za plastiki nyembamba zinazopitisha mwanga, samaki haioni, na sheria imeipiga marufuku. Kila aliyekuwepo alielewa: usiku ule, wakati ziwa linapinduka, palikuwa na mtu aliyetega timba ubavuni mwa vizimba vya Bosi. Sato walikufa kwa kukosa pumzi. Lakini mwizi pia alikuwepo.

"Mfungue mdomo," Afande akaagiza.

Taya za kamongo hazichezewi. Meno yake yameungana kuwa bamba gumu lenye makali, la kuvunjia konokono pamoja na gamba lake. Mtu aliyeumwa nalo hasahau. Kisu alipenyeza mpini wa kisu pembeni, akaupindua. Taya zikaachia. Akavuta uzi wa timba uliokatika. Kisha akaona kitu kingine kimenasa kati ya bamba la juu na la chini, akakitoa kwa kidole na kukiweka kwenye kiganja cha Afande.

Ukucha wa mtu. Wa dole gumba, mzima, umeng'oka na ngozi.

"Kila mtu anyanyue mikono," Afande alisema. "Kila mtu. Wewe Bosi, na wewe Mwenyekiti."

Mikono ikapanda uwanja mzima. Wa Bosi ukapanda. Wa Mwenyekiti ukapanda, mmoja, na baada ya kusita kidogo, wa pili. Babu peke yake ndiye aliyebaki ameketi, kushoto kikombe, kulia mfukoni.

Kisu alihisi magoti yanalegea. Kile kikombe cha chai!

"Babu," alinong'ona, "toa mkono."

"Ng'wana wane," babu akamjibu chini kwa chini, "ungemwacha huyo samaki."

Kisha akasimama na kupaza sauti ili wote wasikie. "Msiwasumbue watu. Timba ni yangu. Kamongo ameniuma mimi." Akautoa mkono. Ulikuwa umefungwa kitambaa kilicholowa damu.

Afande akakifungua kitambaa kwa uangalifu, mzunguko baada ya mzunguko, watu wakisukumana ili waone. Katikati ya kiganja kulikuwa na jeraha bichi, mistari miwili iliyopinda, alama ya taya za kamongo bila shaka yoyote. Lakini Kisu hakuwa anatazama kiganja. Alikuwa anatazama vidole. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Kucha zote zipo mahali pake, nene, za manjano, zina mistari ya urefu, kucha za mtu aliyeishi miaka mingi. Ule ulio mkononi mwa Afande ni mwembamba, laini, hauna mstari hata mmoja.

Ni ukucha wa kijana.

Kisu akageuka haraka kutazama ukutani, pale alipokuwa amesimama Dogo na mkono wake ndani ya jaketi.

Hapakuwa na mtu.

ITAENDELEA...

Dogo ameelekea wapi, na nani alimpa timba ile? Kwa nini babu yuko tayari kubeba kosa lisilo lake lote? Na Mwenyekiti alisita kwa sababu gani kunyanyua mkono wa pili? Usikose Sehemu ya Nne Jumamosi ijayo.